Fundi, spika zinakwaruza picha zikianza kucheza

SWALI: Shikamoo Fundi. Narusha picha ukutani kwenye maonyesho ya kikundi chetu cha taarabu. Natumia TouchDesigner, programu ya kutengeneza picha zinazocheza papo hapo, toleo la bure. Sauti ya mwimbaji, Bibi yetu, naiingiza humo humo, naipitisha kwenye kisanduku kiitwacho Audio VST CHOP nilikoweka plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya mwangwi, Valhalla Supermassive, ndipo iende kwenye spika. Ikiwa peke yake, tamu kabisa. Nikiwasha picha za chembechembe zinazofuata sauti, spika zinakwaruza kama mtu anakaanga samaki. Halafu plagini yangu ya zamani, ile yenye .dll, haifunguki kabisa. Ninunue laptopu mpya?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Pesa zako ziweke kwanza, na plagini usiifute, haina kosa.

TouchDesigner inapika, yaani inakokotoa, sauti fremu kwa fremu, sambamba na picha. Kwa fremu 60 na sampuli 48,000 (vipande vidogo vya sauti) kwa sekunde, kila fremu inabeba sampuli 800. Chukulia spika ni bomba lililofunguliwa moja kwa moja kwenye pipa, na anayejaza pipa kwa ndoo ni yule yule anayechora chembechembe zako. Ana milisekunde 16.7 tu kwa kila ndoo. Chembe zikimchelewesha, pipa linakauka, ndiyo hiyo mikwaruzo.

Mimi mwenyewe limenikuta harusini. Nilibadilisha waya tatu, nikamfokea kijana wa mikisa, hadi nilipogundua mkwaruzo unakuja pale tu maua yanapochanua ukutani. Nilimwomba radhi keki ikikatwa.

Bofya kila kisanduku kwa kitufe cha kati cha kipanya uone kinachukua muda gani kupika. Kilicho kizito ukipunguzie kazi. Kisha nenda Audio Device Out, uongeze Buffer Length. Hapo pipa linakuwa kubwa na ndoo ikichelewa kidogo si hoja.

Lakini pipa kubwa maana yake sauti inachelewa kutoka. Kwa muziki uliorekodiwa, haina neno. Kwa Bibi anayeimba palepale ni balaa: atajisikia nyuma ya mapigo, na wewe unajua akishika maiki na kukukazia macho mbele ya watu inakuwaje. Kwa hiyo sauti yake itoe humo. Mwangwi utoke kwenye mikisa, au ifungue Supermassive hiyo hiyo kwenye Reaper, programu ya kurekodi na kuchanganya sauti, na TouchDesigner uipelekee nakala tu ya kuchezesha picha. Fremu ikikwama, chembe zitasita kidogo na hakuna shangazi atakayeacha kutunza kwa ajili hiyo.

Hiyo ya .dll ni VST, aina ya plagini za sauti, ya toleo la zamani. Kisanduku cha Audio VST CHOP kinakubali VST3 tu, toleo jipya zaidi ambalo kampuni ya Steinberg iliyobuni VST ililitoa 2008. Kwenye Windows tafuta faili lenye .vst3 ndani ya Program Files, Common Files, VST3. Kama plagini yako haina, ndiyo basi, tafuta nyingine. Surge XT ni ya bure na inafunguka.

Na siku ukitaka picha ndiyo izungushe vitufe vya plagini, kumbuka VST3 inahesabu kila kitufe kutoka 0 hadi 1. Namba za MIDI, lugha ya vyombo vya muziki vya kielektroniki, zinafika 127, zigawe kwanza kwa 127. Mimi nilisahau, mwangwi ukakwama juu kabisa jaribio zima, tukawa kama tunaimbia ndani ya tangi la maji.