Re: Ukurasa unafunguka, muziki kimya
Mambo mkuu. Kwa nilivyokusoma, ule ukurasa wako wa wavuti wa michoro ya Tingatinga yenye muziki, kwenye laptop unaimba fresh ila kwenye simu kimya, na marimba ikijirudia inakatika kidogo. Kwanza angalia kama mtu anagusa kitu kabla muziki haujaanza, maana Chrome tangu 2018 inazuia sauti inayojianzisha yenyewe, mi kwenye ukurasa wangu niliweka mchoro wa ndege mkubwa pale mwanzo, ukimgusa ndo naita resume() ya AudioContext, yaani amri ya kuamsha kile chombo cha sauti cha kivinjari, watu wakadhani ni sehemu ya sanaa haha. Kwa iPhone cheki pia kama mlio umezimwa, zile za zamani ni kile kiswichi cha pembeni. Kule kukatika ni MP3, inaongeza ukimya kiduchu mwanzo na mwisho, vipande vya kujirudia weka WAV. Ila vifupi tu maana WAV ni nzito, vyangu nilijaribia kwenye daladala la Mbagala bando likakata mchoro wa twiga haujatokea.