Usiseme "sauti tutaingiza baadaye": jibu kwa anayetaka filamu ya wanaume jikoni, wanawake angani

Mkuu uliyeandika humu jukwaani kwamba unataka kupiga filamu ya kuchekesha, wanaume wako jikoni na wanawake angani, futa huo mstari wa tatu kwenye bajeti yako sasa hivi, ule wa sauti. Umeuliza kamera gani ukodi, chombo cha anga ukijenge kwa kitu gani, kibali, wanaume wavae nini, soko liko wapi. Sawa. Lakini niliposoma "sauti tutaingiza studio baadaye ili kupunguza gharama" nimeshika kichwa humu ndani ya daladala mpaka konda kaniuliza kama nimepitiliza kituo.

Filamu unayoitaka nimeshaitengeneza. Dar ya mwaka 2140, wanawake wanapanda chombo alfajiri kwenda kazini Mwezini, wanaume wamebaki Magomeni na watoto, vikoba na umbea. Na usijidanganye kwamba wazo ni jipya. Mama mmoja wa Bengal, Begum Rokeya, alichapisha hadithi ya namna hiyo mwaka 1905, Sultana's Dream: wanaume wanakaa ndani, wanawake wanaongoza nchi, wanapikia joto la jua na kusafiri kwa magari ya angani. Zaidi ya miaka mia imepita. Kwa hiyo hakuna atakayetulia kwenye kiti kwa ajili ya wazo lako. Atatulia kwa ajili ya maneno yatakayowatoka hao wanaume, na jinsi watakavyoyatoa. Ukiyapoteza hayo, umebaki na wanaume waliovaa vitenge.

Mimi niliyapoteza, tena yaliyo bora kuliko yote.

Sini yangu kubwa ilikuwa kichen pati ya bwana harusi. Piga picha: uwani, mikeka imetandikwa, wanaume tupu, wote kwenye sare, masufuria ya zawadi yamepangwa, na kungwi mwanamume anamfunda kijana. "Mkeo akirudi kutoka Mwezini usimpokee kwa maswali, mpokee kwa maji ya kuoga. Akinyamaza mezani, mvutano wa dunia umemwelemea, usikimbilie kusema kapata mwingine huko obiti." Hiyo ndiyo niliyoandika mimi. Mzee aliyeigiza kungwi, tuliyemtoa kwenye vikundi vya maigizo ya jukwaani, aliutazama muswada wangu kwa huruma, akaukalia. Kilichofuata alikitoa kichwani. Alimfunda yule kijana namna ya kulia bila kuharibu wanja. Alimweleza kwa nini mwanamume mwenye akili hagusi simu ya mke anayelisha nyumba. Wale waliokaa mikekani walikuwa wanang'ata khanga wasicheke, mpiga picha akawa anatikisika mpaka fremu inaruka, na wanaume wazima wakapiga vigelegele kwa sauti nzito. Nilijua pale pale kwamba hii ndiyo filamu yenyewe.

Sasa sikiliza kilichorekodiwa. Maiki ilikuwa ya kamera peke yake, na kamera iko ukutani upande wa pili wa uwanja. Nikaja kuelezwa baadaye na mtu anayejua kazi: ukizidisha mara mbili umbali kati ya mdomo na maiki, sauti ya msemaji inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini kelele za mtaa hazishuki, maana zenyewe zimekuzunguka pande zote. Kwa hiyo tulipata jenereta la jirani, safi kabisa. Tulipata kunguru. (Hawa kunguru waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kula takataka, na sisi Dar tumekuja kulipa deni lisilo letu.) Tulipata muuza kahawa akigonganisha vikombe. Tulipata ile spika ya wanunuzi wa vyuma chakavu, neno kwa neno, "betri mbovu za gari, mafriji mabovu," mwaka 2140, wanawake wako Mwezini na jamaa bado anatafuta betri. Kungwi wangu yuko chini ya hayo yote, ananong'ona kama mtu aliyefungiwa kabatini.

Haikunishtua siku ile, kwa sababu nilishahakikishiwa. Hapa naomba mnivumilie.

Kuna mwongozaji mmoja, simtaji, ana filamu nyingi na kofia nyingi zaidi. Nilimlipa anishauri. Nilikuwa nimetenga fungu la mtu wa sauti, akalikata kwa kalamu mbele yangu. "Dogo, watu wanatazama picha. Sauti unaiweka baadaye, hata Rodriguez alifanya hivyo." Akanipa hadithi ya El Mariachi, filamu ya Mmarekani Robert Rodriguez, 1992, dola 7,000, kamera isiyoweza kwenda sambamba na sauti, na tazama yule bwana alipofika. Nikaondoka nimejaa imani. Fungu la sauti likaenda kukodi lenzi, na lenzi, nimekuja kugundua, ilikuwa ya shemeji yake.

Alichokuwa hakijui, au alikijua akakimeza, ni kwamba Robert Rodriguez hakuiacha sauti mpaka baadaye. Akishapiga sini bila sauti, waigizaji wanarudia maneno yao hapo hapo kwenye rekoda, wakiwa bado wamesimama mahali pale pale, pumzi zikiwa bado zile zile. Kwenye uhariri, midomo ikianza kuachana na maneno, anakata anaonyesha kitu kingine. Na studio ya Marekani iliyoinunua ilimwaga pesa nyingi kuliko hizo dola 7,000 kuiweka sawa kabla ya kuipeleka kwenye majumba ya sinema, sauti ikiwemo. Huyo ni mtu aliyehangaika na sauti kila siku. Mimi nilisimuliwa nusu ya hadithi, nikailipia yote.

Tukaenda studio kudabi, yaani kuingiza maneno upya juu ya picha. Yule mzee kesharudi Tanga kwa shughuli za ukoo, simu haipatikani. Maneno yake hayako kwenye karatasi yoyote, maana hakuna aliyeyaandika. Tukawa tumekaa watatu, masikio kwenye spika, tunabishana kasema "wanja" au "wanja wako", na jenereta linatujibu. Tukamtafuta mwingine mwenye sauti nzuri, kijana mtulivu, akayasoma tuliyoambulia kwa ufasaha wa taarifa ya habari. Maneno yale yale, midomo karibu inalingana, na hakuna kilichochekesha hata kidogo.

Ndipo nikaelewa. Mzee alipokuwa anamfunda yule kijana alikuwa anamtazama usoni. Anaona jicho limeanza kulegea, anasubiri kidogo, anamalizia. Kile kisubira ndicho kichekesho. Mtu aliyefungiwa kwenye chumba cha studio kilichozibwa kwa godoro, na hedifoni kichwani, hana wa kumtazama, anakimbizana na mdomo wa mtu mwingine. Filamu ya ngumi unaweza kuidabi, teke ni teke. Hata hadithi za kisayansi nyingine zinavumilia: Pumzi ya Wanuri Kahiu, Kenya, 2009, maongezi ni machache mno na picha inabeba mzigo. Lakini ya kuchekesha, tena inayosimama juu ya mwanamume kusema maneno tuliyozoea kwa shangazi zetu, haina mgongo mwingine.

Na bado kulikuwa na simu tuliyoitumia kama kamera ya pili. Simu nyingi hupiga kwa idadi ya fremu, yaani picha kwa sekunde, inayopandashuka, hivyo ukiweka sauti ya pembeni, mwanzoni inakaa, dakika chache mbele bwana harusi anafunga mdomo kisha anaongea. Edita akaanza kunipandishia bei kila akinipigia.

Tulipoionyesha kwa ndugu na marafiki, watu walikuwa na adabu sana. Walicheka mara moja tu: kuna sehemu edita alisahau kumfuta jamaa wa vyuma chakavu. Ukumbi mzima ukaanguka. Ndiye mwigizaji wangu bora na sikumlipa senti. Na ninyi mnaocheka hapa jukwaani, chekeni tu, angalau sasa filamu imepata watu.

Kwa hiyo mkuu: mtu wa kwanza kumpata, kabla ya mpiga picha, kabla ya huyo dada unayesema lazima aigize rubani, ni mtu wa sauti. Simaanishi binamu aliye huru Jumamosi. Mtafute mwenye rekoda yake, maiki ya fimbo, maiki ndogo za kubana kifuani, na hedifoni ambazo hazivui. Mpe mamlaka ya kusema "rudia", na wewe mwongozaji unyamaze. Kama pesa inatosha lenzi au yeye, chukua yeye, piga kwa simu. Ifunge idadi ya fremu zake isibadilike, kwa programu inayoruhusu, rekoda iwekwe kilohezi 48 (kHz), piga makofi mbele ya kamera kila teki ili edita apate pa kuoanishia. Kila mkimaliza mahali, kaeni kimya wote dakika moja mrekodi ukimya wa hapo. Watu watakuona mwehu. Edita atakuombea dua.

Lokesheni ichague kwa masikio. Kiwalani na Vingunguti ndege ziko kichwani, barabara ya Morogoro usijaribu hata saa nane usiku. Adhana usiiite kelele, ijue ni ratiba: panga chakula na mapumziko kwenye saa hizo na hutagombana na mtu. Wa jenereta nenda kaongee naye siku moja kabla, na soda. Muuza kahawa mpe kazi, mkalishe kwenye sini.

Chombo cha anga, ulichotumia aya nzima kukiuliza: mimi nilijenga cha maboksi na karatasi za kung'aa, masika yakakirudisha kuwa uji. Huna haja nacho. Chombo ni sauti. Rekodi friji la zamani ukiwa umelisogezea maiki kabisa, lipunguze mwendo nusu, mlio wake utakuwa mzito kwa oktavu moja na utapata injini ya kwenda Mwezini. Ongeza mlango wa chuma wa duka unaofungwa, mbele weka uso wa mwanamke na taa inayopita. Kwisha. Tena hiyo nayo ni kazi ya mtu wa sauti, unaona?

Mavazi, usiwavishe wanaume mawigi na matiti ya puto, mtakuwa mnawacheka wanawake. Wavishe wanavyovaa, waacheni wawe na dhati. Kibali ni Bodi ya Filamu, muswada unapelekwa kabla ya kupiga, usibahatishe, sheria iko tangu 1976 na imeshafanyiwa marekebisho. Soko na yale mambo ya tamasha la filamu la Zanzibar wengine watakujibu, mimi yangu haikufika huko.

Leo jioni nenda kwenye huo uwanja wako unaosema ni kimya. Weka simu pale atakaposimama mwigizaji, rekodi dakika mbili bila mtu kuongea, kisha sikiliza kwa hedifoni, usisikilizie spika ya simu. Iweke hapa nikuambie. Kama ni ile nyumba ya Tabata uliyoitaja, yenye gereji ya kupiga bodi nyuma yake, usijisumbue kuituma.