Waratibu wapya: rula kwanza, fotokopi baadaye

Wadogo zangu mlioanza mwaka huu kuzungusha wataalamu wageni mashuleni na kuendesha semina za walimu wa jiografia, kaeni kidogo niwaambie.

Wiki iliyopita nilikaa benchi la nyuma kabisa kwenye bwalo la shule moja, nikawaangalia wenzenu wawili wakiendesha siku ya mgeni. Mgeni kapewa dakika 55, maswali dakika 5. Form one mpaka form four wote humo humo wamebanana, projekta haiongei na laptopu, mkuu wa shule anaangalia saa maana uji unapoa. Hayo nikavumilia, yanarekebishika, na vijana wenyewe wana moyo kweli, walifika saa kumi na mbili asubuhi kupanga viti. Ila mchana kwenye semina ya walimu kijana akaanza kugawa ramani, nikaona ni A4, juu imeandikwa kwa peni RF 1:50,000, yaani skeli ya kwamba sentimita 1 ya ramani ni nusu kilomita ardhini, nikajikuta nimeshasimama. Nilimwomba tutoke nje. Hakuelewa nimepatwa na nini na sikuweza kumweleza pale mbele ya watu, kwa hiyo namweleza hapa, yeye na ninyi wote.

Nitafika kwenye ramani. Nianze na mepesi.

1. Mgeni alete kitu cha kushika.

Slaidi 60 za Oldoinyo Lengai, ile volkano ya karibu na Ziwa Natron, mtoto anaziangalia kama sinema, umeme ukikatika imeisha hiyo. Kuna mtafiti wa volkano tulikuwa naye mwaka mmoja, yeye alikuja na chupa mbili tu. Moja imefungwa na teipu mpaka shingoni, ndani vipande vyeusi kama makaa. Nyingine ina vipande vyeupe, ukivigusa vinamomonyoka unabaki na unga kwenye vidole. Akauliza, haya, haya mawe yametoka milima mingapi? Wengi wakasema miwili. Akasema mmoja, tena lava ile ile, hii nyeusi nimeizuia isikutane na unyevu wa hewa na hii nyeupe imekutana nao siku chache tu. Bwalo zima kimya. Alafu binti mmoja wa form two, ambaye muda wote alikuwa anasugua ule unga kati ya kidole gumba na cha shahada, akasema kwa sauti ndogo, "Si magadi haya?"

Jamani. Yule mtafiti aliacha chupa mezani akamfuata mpaka kwenye kiti chake. Maana ndo jibu lenyewe! Lava ya volkano nyingine zote zinazowaka leo imejaa silika, madini ya mchanga, Lengai peke yake ndo inatoa hii iliyojaa kaboneti ya sodiamu, haifiki hata nyuzi 600 wakati basalti, lava ya kawaida, inapita 1,100, inatiririka nyepesi kama oili chafu, na magadi ya Ziwa Natron pale chini yake ni ndugu wa hiyo hiyo. Binti hakusoma popote. Kwao wanatia magadi kwenye makande, basi, vidole vyake vikakumbuka.

Kwa hiyo mgeni dakika 20, wanafunzi dakika 40, slaidi zisizidi kumi.

2. Madarasa mawili tu kwa wakati mmoja, na mtoto akiuliza kwa Kiswahili asikatwe. Najua lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza na mtihani ni Kiingereza, nimefundisha miaka mingi nalijua hilo. Lakini mgeni hakuja kusahihisha mtihani. Simameni pembeni yake mtafsiri maswali na majibu, kote kuwili, hata kama inakula muda.

3. Ramani.

Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mwaka mmoja tulikuwa na semina ya walimu arobaini, siku ya kwanza mgeni na wanafunzi, siku ya pili walimu peke yao, mada kusoma ramani. Nilikuwa na ramani halisi moja ya 1:50,000 ya eneo lile la semina, nikachagua kipande kinachoingia kwenye A3, kina barabara, mto, kilima kizuri chenye kontua, ile mistari ya mwinuko, za kueleweka. Fotokopi ya A3 ilikuwa ghali na bajeti ilishaliwa na nauli na chakula. Nikamwambia kijana wa steshenari apunguze iingie A4. Ukingo wa chini, ule wenye skeli ya mstari, yaani mstari uliogawanywa kwa kilomita, nikaona unakula nafasi, nikaukata kwa mkasi. Alafu ili walimu wasikose skeli nikachukua peni nyeusi nikaandika juu, kwa uangalifu kabisa, RF 1:50,000.

Mnaofundisha mshaona. A3 ikishuka A4 kila urefu unabaki asilimia 71. Mraba wa gridi uliokuwa sentimita 2 unakuwa 1.4. Ile ramani haikuwa tena 1:50,000, ilikuwa kama 1:71,000, na kitu pekee ambacho kingesema ukweli, skeli ya mstari, ambayo ramani ikipungua nayo inapungua pamoja nayo, nilikuwa nimekitupa kwenye ndoo ya taka za steshenari.

Siku ya semina hakuna aliyegundua. Arobaini tumo mle ndani, na mimi mbele, tunapima kwa uzi, tunazidisha, tunakubaliana majibu maana wote tunakosea sawasawa. Walimu walifurahi sana kwa sababu kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuondoka semina na ramani mkononi badala ya cheti tu. Wakazipeleka shuleni kwao.

Kama wiki tano baadaye nikaenda kufuatilia kwenye shule mojawapo. Mwalimu akanipokea vizuri, akanionyesha kwa furaha kwamba ile ramani kaitoa kwenye moku, mtihani wa majaribio, ya form four. Nikaona mwandiko wangu umepigwa fotokopi juu ya karatasi ya mtihani, nikafurahi na mimi. Swali la kwanza, pima urefu wa barabara kutoka zahanati mpaka darajani. Jibu la mwalimu, kilomita 4.2. Akanionyesha karatasi ya kijana mmoja aliyeandika kilomita 6, amepigwa alama nyekundu ya kosa. Akasema, huyu ni mbishi, nimemuuliza kaipataje sita anasema hakupima kwa uzi, anasema njia hiyo anaitembea kila siku asubuhi na jioni, saa moja na robo, na kilomita nne haziwezi kula saa moja na robo.

Mimi nilisema nini? Nilisema, "Mwambie afuate ramani."

Nilisema hivyo, kijana akiwa pale dirishani anatusikia. Alikuwa kashika ufagio, nakumbuka, ufagio wa njiti, akainamisha kichwa akaendelea kufagia.

Kwenye basi la kurudi nikaitoa ile karatasi ya mtihani nipitie maswali. Rula ndogo ilikuwa kwenye daftari. Sijui kwa nini nikaiweka kwenye mraba wa gridi, nadhani mikono tu ilikuwa inatafuta kazi. Moja nukta nne. Nikapima mraba wa pili. Moja nukta nne. Nikapima tena ile barabara, sentimita 8.5, nikaigawa kwa 1.4, nikapata miraba sita na ushee kidogo, na mraba mmoja ni kilomita moja, uwe umeupunguza au umeukuza. Sita. Kijana alikuwa sahihi, na alifika huko kwa kutumia mwendo na muda, ambayo ni jiografia safi kuliko niliyowafundisha walimu wake. Na si umbali tu. Kile kilima, mteremko wake halisi ni 1 kwa 20, mita 300 ndani ya kilomita 6, darasa zima lilifundishwa kuandika 1 kwa 14.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Kila mwaka form three huwa nawasimulia habari ya Rebmann, mmisionari Mjerumani, kwamba tarehe 11 Mei 1848 aliona weupe juu ya Kilimanjaro, mwongozaji wake hakuwa na neno la theluji akasema tu ni baridi, na habari ilipofika London akabishiwa miaka na Cooley, msomi ambaye hakuwahi kukanyaga huku, mpaka mpelelezi Mjerumani von der Decken alipokuja 1861 akapima na mwaka uliofuata akapanda mpaka ikamwangukia theluji. Nawasimulia hiyo stori huku nimekasirika kabisa kwa niaba ya aliyeona kwa macho yake. Alafu mtoto aliyetembea kwa miguu yake ananiambia ramani ina kasoro, na mimi ndo nakuwa mtu wa London.

Jumatatu nikarudi na ramani halisi. Niliomba kipindi. Nikamwita yule kijana mbele, nikampa uzi, akaulaza kwenye barabara kona kwa kona, akaunyoosha kwenye rula: sentimita 12. Nikawaambia wote kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, ramani niliyoitengeneza mimi ndo ilikuwa na kosa, na mwalimu wao hana kosa lolote. Yeye akasema "Asante madam", akarudi kukaa. Hakutabasamu. Walikuwa wamebakiza wiki chache waingie kwenye mtihani wa taifa, na waliobaki darasani ambao mwanzo walikuwa wamepata sasa hawajui waamini nini, ikabidi mwalimu aanze mada upya.

Nikawapigia simu walimu wote arobaini. Sita sikuwapata, wengine wamehama, wengine namba hazipatikani. Kwa hiyo ile ramani bado iko mahali, kwenye faili la mtu, na mwandiko wangu juu.

Sasa mnaelewa kwa nini nilisimama.

Mambo ya kufanya ni machache: weka rula kwenye mraba wa gridi kabla ya kugawa chochote, kwa ramani ya 1:50,000 kama si sentimita 2 futa RF. Ukingo wa ramani haukatwi. Na mtoto akikwambia njia ni ndefu kuliko ramani inavyosema, muulize anaitembea kwa muda gani.

4. Semina ya walimu si hotuba. Mwalimu wa darasa la wanafunzi 90 hahitaji mtu wa kumweleza umuhimu wa jiografia, anahitaji kuondoka na kipindi kimoja ambacho ameshakifanya kwa mikono yake hapo hapo semina, na vifaa vyake viwe uzi, rula, chupa, mchanga. Watoeni nje. Mlima mnaouona dirishani utafuteni kwenye ramani. Kuna mwalimu miaka 18 kazini alishawahi kuniambia kwa sauti ya chini kwamba anafundisha kontua lakini yeye mwenyewe hajawahi kusimama juu ya kilima na ramani yake mkononi, tukaenda naye jioni ile ile, sisi wawili, na viatu vya semina.

Posho lipeni siku ile ile, msiwazungushe watu wazima.

5. Mgeni aseme alikuwa na nani. Mkumbusheni kabla, kwa heshima, wengi wanasahau tu. Akisema "nilifika kileleni" watoto wa huku wanajua wagumu, yaani wapagazi, walibeba mahema na maji na chakula, wengine ni baba zao. Nyie wenyewe mkifundisha wapelelezi msiishie kwa Burton na Speke. Wekeni na Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyeongoza misafara yao, ambaye alitoka nao pwani 1857, akarudi tena na Speke na Grant, akawa na Stanley 1871 kumtafuta Livingstone, alafu akavuka bara zima na Cameron, 1873 mpaka 1875. Wekeni vidole vya wanafunzi kwenye ramani wafuate safari zake, wataona mtu mmoja kaenda mbali kuliko karibu wote waliomwajiri. Nilishawahi kuona form three wanagombania uzi wa kupima njia ya Bombay mpaka kengele ya chakula ikalia hawajatoka.

6. Fuatilieni. Wiki tano baada ya semina nenda shule mbili au tatu, ukae nyuma, uombe kuona madaftari. Bila ile safari mimi nisingejua.

Mgeni wa mwezi ujao nimeshamwandikia: aje na mawe, slaidi kumi, dakika 20. Ramani halisi nne ziko kwenye bomba la plastiki juu ya kabati langu, chukueni mbili mkatoe nakala za A3, tofauti ya hela nitaiongea mimi na wa fedha. Kijana wa wiki iliyopita, wewe ndo utaendesha kipindi cha ramani. Njoo Alhamisi mchana tupime pamoja, uje na uzi.