Aliyeniibia karafuu anatoka Chuoni

SWALI: Maalim, assalaam alaykum. Mwaka juzi kijana wa kijijini kwetu aliniibia gunia zima la karafuu kavu. Alihukumiwa, na mwezi ujao anatoka Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani. Nasikia huko amefundishwa kushona. Mwizi afundishwe ufundi, au aadhibiwe mpaka aogope kurudia? Mama wa watoto watatu, Konde, Pemba.

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Pole sana. Karafuu naijua: uchume, uchambue makonyo, uanike, mvua ikitanda ukimbilie majamvi usiku. Huyo hakukuibia kitu kidogo, na sikwambii umsamehe bure.

Lakini hilo la kumtia hofu limeshajaribiwa. Tangu miaka ya 1970 huko Marekani, vijana watukutu walikuwa wakipelekwa magerezani, wafungwa wakawakaripia na kuwatisha ili waache. Watafiti walipowalinganisha na wenzao wasiopelekwa, waliotishwa ndio waliofanya makosa zaidi. Na kifungo kirefu hakimzuii mwizi kama anavyozuiwa na kujua kwamba atakamatwa. Wako alikamatwa, hilo peke yake lina uzito kuliko miaka mitano ya kuongezewa.

Mimi nimefundisha useremala miaka mingi kwa wanafunzi wa Chuo, maana sisi Zanzibar aliyefungwa tunamwita mwanafunzi, na jina hilo nilikuwa nikilichukulia kwa dhati. Alikuja kijana mmoja hajui hata kushika randa. Akiikandamiza kwa nguvu zote, ubao unachanika. Nikaweka mkono wangu juu ya wake: ukianza, bonyeza mbele, ukimaliza, bonyeza nyuma. Ilimchukua wiki. Siku ubao ulipotoka laini, aliuinua akaupitisha shavuni, hakusema neno.

Alipotoka, fundi mmoja mjini alimpokea, akamsifu kazi. Kisha akaambiwa kijana katoka wapi, akamfukuza siku hiyo hiyo. Baada ya miezi minane nilimwona tena mlangoni kwangu Chuoni, kaiba pampu ya maji. Nilimpa randa. Mkono ulikuwa haujasahau kitu.

Kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka: kumrekebisha mtu kunapunguza wizi kuliko kumkomoa, nalishuhudia kwa macho yangu, maana wengi wa wanafunzi wangu waliopata pa kufanyia kazi sikuwaona tena mle ndani. Asiyepata, ufundi wake unabaki mikononi tu huku tumbo linamdai. Na huko nje ya ukuta mwalimu hana uwezo, wenye uwezo ni nyinyi mnaoishi naye.

Usimwachie ufunguo wa ghala, dada yangu. Nenda kwa sheha kabla hajafika, pamoja na mama yake, mwandikiane deni la gunia lako: kilo ngapi, na atalilipa vipi. Msimu ukifika anaweza kulipunguza kwa kukuchumia. Ila asingoje msimu akiwa amekaa barazani, hapo ndipo wanapopotea. Watoto wako watatu wanahitaji sare za skuli. Mpe kitambaa cha sare moja kwanza, aje apime mtoto mbele yako. Akishona vizuri, nusu ya ujira mkatie kwenye deni, nusu umtie mkononi.