Muulize Fundi: Nusu ya nyumba ya udongo Ujiji

*Shikamoo Mzee Fundi. Nimepanga Gungu mwaka wa saba sasa. Nimepata nyumba inauzwa Ujiji, si mbali na mnara wa Livingstone, ya matofali mabichi, ya enzi za wazee. Si yote: ni upande wa kushoto wa korido, vyumba vitatu na nusu ya ua. Wanataka milioni 14. Baba Twaha anasema nyumba ya tope si nyumba. Nichukue? — Mama Twaha, Kigoma*

Marahaba, Mama Twaha. Mwambie Baba Twaha kwamba Livingstone na Stanley, baada ya kukutana hapo hapo Ujiji mwaka 1871, walikuja huku kwetu Tabora wakakaa kwenye tembe la udongo pale Kwihara. Tope halina neno. Ila lina masharti yake, na mimi niliyajua kwa hasara.

Mwaka 1994 nilinunua nyumba ya tofali bichi Isevya. Kwa ujuaji wangu nikaipiga lipu ya saruji kuanzia chini mpaka kwenye bati, ing'ae kama za wenye pesa. Kumbe tofali bichi hunyonya unyevu ardhini na kuutoa kwa kupumua, na mimi nimelifunga pua. Masika ya pili lipu ikaachia kipande kizima, kama ganda la muhogo uliochemka. Nyuma yake tofali zilikuwa uji. Asubuhi ukuta wa jikoni tuliukuta uani. Fundi alikuwa mimi mwenyewe, sikuwa na wa kumgombeza.

Kwa hiyo nenda na msumari wa inchi nne. Chomachoma ukuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, hasa nyuma ya kabati na upande wa bafu. Wauzaji hupenda kuegesha kabati mahali fulani. Ukizama kama kwenye ugali, acha. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole: ikilia kama debe tupu, imeshaachana na ukuta. Tazama kama bati limetokeza vya kutosha, maji ya paani yasimwagikie miguuni mwa ukuta, na kama msingi ni wa mawe na umeinuka. Ukiona njia za mchwa zinapanda ukutani, fuata mpaka kwenye kenchi. Kama unaweza, rudi mvua ikiwa inanyesha.

Sasa hiyo nusu, ndiyo inayoninyima usingizi. Paa ni moja. Jirani wa kulia akiamua kesho kubomoa ajenge ya bloku, kenchi zako zitashikwa na nini? Korido ni ya nani? Choo kikijaa, nani anamwita mnyonyaji? Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu ya jengo, lakini kwanza kiwanja chenyewe kiwe na hati. Nyumba nyingi za zamani zina karatasi za mauziano tu. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uulize kabla hujatoa hata shilingi ya utangulizi.

Halafu, "enzi za wazee" maana yake kuna warithi. Usikubali kaka mkubwa peke yake na shahidi wa kijiweni. Dai barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi, na saini za ndugu wote, wakiwemo dada walioolewa mbali. Hao ndio husahaulika, na hao ndio hurudi. Muuzaji akiwa na mke, mke naye aridhie kwa maandishi.

Ningekuwa mimi, ningeongea na wa kulia kwanza. Akikubali kuandikishana mbele ya mwanasheria kuhusu paa, korido na choo, ningenunua hata kama ningelazimika kukandika upya chumba kimoja. Akikataa, ningeendelea kulipa kodi Gungu. Na msumari ukizama, nitumie picha kabla ya kurudi kwa muuzaji.