Jibu: Mgonjwa wa kifua kikuu na marafiki wa mtandaoni

Dada, umeuliza kama ni busara kumwachia mdogo wako, aliyeanza dawa za kifua kikuu mwezi uliopita, aendelee kuzungumza na marafiki wa mtandaoni ambao hamjawahi kuwaona. Nakuomba umwachie, kwa sababu nilipougua ugonjwa huo huo hapa Mafinga, watu wa namna hiyo ndio walionishika mkono.

Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na hatari kubwa huja pale kikohozi kinapokoma, mgonjwa akadhani amepona na kuacha dawa, jambo linaloweza kuufanya ugonjwa uwe sugu. Mimi nilifika hapo mwezi Julai, baridi ikiwa kali kiasi cha kuona taabu hata kutoa mkono nje ya blanketi. Kila saa 12 asubuhi rafiki mmoja wa Tukuyu alinitumia ujumbe wa neno moja tu, "Umeshameza?", wala hakutulia mpaka nimjibu. Ni yeye pia ambaye, siku za mwanzo nilipoingiwa na hofu kwa kuona mkojo una rangi ya chungwa, alinihimiza niende kwa muuguzi, nikaelezwa kwamba ni rangi ya rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu.

Ila mtu yeyote akimshauri abadilishe dawa au akitaka kumuuzia mitishamba, hapo ingilia kati, kwani dawa hizo hutolewa bure vituoni na maswali yapelekwe huko. Nawe uliye karibu naye, mfungulie madirisha mchana, hata kukiwa na baridi.