Mwalimu wa serikali, kesho usiende CMA

Salamu za kamwene baadaye. Mleta uzi, umesema umefukuzwa kazi huko Njombe kwa kosa la kumchapa mwanafunzi, barua umeipata wiki iliyopita, shule binafsi ya Makambako uliyoomba nayo imekukataa baada ya kusikia habari zako, na kesho alfajiri unapanda basi kuja Mbeya kujaza fomu za CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kwa sababu jamaa hapo juu kakwambia "wale hawachelewi, utalipwa mpaka usahau chaki".

Rudisha hiyo tiketi. Wewe ni mwalimu wa serikali. Rufaa yako inakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, Dodoma, na una siku 45 tangu siku uliyopokea barua. Hizo siku hazisimami eti kwa sababu umeenda kulalamika sehemu nyingine. Zinakatika tu.

Nina uchungu na hili kwa sababu huyo jamaa wako anaongea maneno yale yale niliyoambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na leo nauza mbolea na mbegu Uyole. Si kazi mbaya. Viazi havina wazazi wa kuja ofisini.

Nilikuwa mwalimu wa msingi hapa hapa nyanda za juu, ikazuka kesi ya fimbo. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kitabu chetu kilikuwepo kabatini, jalada limeandikwa vizuri kwa kalamu nyekundu, ndani kurasa nyeupe pee. Fimbo ilikuwa ya staffroom nzima, mashtaka yakawa ya kwangu peke yangu. Mtoto alivimba mkono, na mzazi alikuwa na haki yake ya kuwaka, hapo sibishani. Tangu ile video ya Mbeya ya 2016, ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi, hakuna afisa elimu anayetaka kusikia neno fimbo, na sawa kabisa. Ninachobishania ni kilichofuata.

Barua ya kufukuzwa ilipokuja nilikwenda kwa kiongozi wa chama cha walimu wilayani. Akatikisa kichwa, akasema pole mwalimu, akanipa namba ya "mwanasheria". Mwanasheria mwenyewe alikuwa kishoka, wakili wa kujifanya, mwenye meza nje ya stationery Mwanjelwa, kompyuta ya kukodi, tai iliyofungwa tangu asubuhi ya sensa ya mwaka gani sijui. Alikuwa amemshindia kesi rafiki yangu aliyeachishwa shule ya English medium, na ilikuwa kweli, alishinda. Basi nikaona nimefika. Kumbe rafiki yangu alikuwa mwajiriwa wa mtu binafsi! Huyo anakwenda CMA, anajaza fomu ya malalamiko, CMA F1, ndani ya siku 30 tangu aachishwe, wanasuluhishwa, wasipoelewana yanaenda kwenye uamuzi. Akichelewa anaomba kuongezewa muda kwa fomu CMA F2 na aeleze kwa nini. Ile ndiyo njia yake. Kishoka alikuwa anajua njia hiyo moja, akanipitisha na mimi humo humo na kunichaji.

Ngoja nikuoneshe alichoandika, maana nakala ninayo mpaka leo. Kurasa tatu. Ya kwanza inaeleza nina mke na watoto wanaosoma. Ya pili inasema mwalimu mkuu ananionea wivu kwa sababu nilijenga. Ya tatu ina Zaburi. Hakuna mahali ilipoandikwa nani alinifukuza kwa kifungu gani, wala kwamba sikupewa nafasi ya kumuuliza maswali shahidi hata mmoja. Nililipa pesa ya kutafutiwa Zaburi ambayo ninayo nyumbani bure.

Tulivyofika CMA, msuluhishi akauliza mwajiri wako nani. Mwanasheria wa halmashauri hata hakugusa habari ya fimbo. Alisimama na pingamizi la awali, karatasi moja, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kilichoingizwa 2016: mtumishi wa umma amalize kwanza njia za rufaa zilizo ndani ya sheria hiyo ndipo aende kwenye sheria za kazi. Basi. Kishoka wangu akakohoa, akaomba tarehe nyingine. Tarehe hiyo nyingine simu yake ilikuwa haipatikani.

Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ikalimaliza kabisa kwenye shauri la Shirika la Posta: CMA haina mamlaka kwa mtumishi wa umma ambaye hajapita njia zake za ndani. Yule alikuwa wa shirika la umma, sembuse wewe wa halmashauri. Kwa hiyo huyo jamaa hapo juu anayekwambia "mimi nimesaidia walimu wengi kule" aweke hapa uamuzi mmoja, mmoja tu, wa mwalimu wa serikali aliyeanzia CMA akatoboa. Tunamsubiri. Asituletee habari za shemeji yake.

Sasa, shauri lilipotupwa nikakimbilia Dodoma, basi la kupitia Iringa na Mtera, bahasha ya kaki kifuani. Siku 45 zilikuwa zimekufa zamani. Nikaomba kuongezewa muda. Unajua sababu gani niliandika? Kwamba nilipotoshwa na mshauri. Lingekuwa kulazwa hospitali na cheti kipo, labda. Kutojua sheria si sababu, hata kama ulimlipa mtu akusaidie kutoijua. Ombi likakataliwa. Sikusikilizwa kuhusu fimbo, kitabu kitupu wala shahidi. Yaani mpaka leo hakuna aliyewahi kuamua kama nilionewa au la, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mshahara.

Wewe bado una siku. Chukua barua, tazama juu kabisa nani kaiandika na kwa mamlaka gani, kisha andika kwa peni tarehe uliyoipokea. Si tarehe iliyochapwa, tarehe iliyofika mkononi mwako. Ya kwangu ilikuwa imechapwa mwezi mmoja, ikakaa kwenye droo ya mtu mpaka mwezi wa pili yake. Kama ulisaini dispatch, kile kitabu cha kupokelea barua, nenda kaombe upige picha ukurasa ule. Halafu uandike rufaa kwenda TSC makao makuu: barua ya uamuzi, hati ya mashtaka, utetezi wako, na sababu za rufaa zenye namba. Je, ulipewa mashtaka kwa maandishi? Ulisikilizwa? Aliyekuadhibu ana mamlaka hayo, au mkurugenzi wa halmashauri alisaini kitu cha kamati ya nidhamu? Hayo ndiyo yanayosomwa. Wivu wa mwalimu mkuu peleka msibani. Nakala ipelekwe kwa mamlaka ya nidhamu iliyokufukuza, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, mhudumu akikwambia "weka tu hapo mwalimu" usiondoke. Ile ya Dodoma tuma kwa EMS, risiti ipige picha kabla wino haujafutika, maana zile risiti hazidumu hata wiki mfukoni.

Na kama ulimuumiza mtoto kweli, usiandike kwamba hukumgusa wakati PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ipo. Zungumzia uzito wa adhabu na utaratibu uliotumika. Ukishindwa TSC, unakata rufaa kwa Rais. CMA na mahakama zinakuja baada ya hapo, kama bado una nguvu.

Mwingine kaniuliza PM kama anaweza kupeleka kote kuwili "kwa usalama". Hapana! Usalama gani? Hela ya mawakala wawili na akili ya hata mmoja hakuna. Peleka TSC.

Nitumie picha ya barua PM, ficha jina na cheki namba. Ila usiifiche tarehe. Nataka kujua imebaki siku ngapi kabla sijakuelekeza kwa wakili mmoja hapa mjini ambaye ana leseni na ofisi yenye mlango.